Kufuli la Pili

Tulishuka Tabora alfajiri, treni imechelewa kutwa nzima,
kidato cha tano, kila mtu na sanduku lake la bati,
na kabla hatujajuana majina
tulishagawana vitanda kwa mikoa.
Wa Moshi dirishani: hao, ilisemwa, huhesabu hata punje za maharage.
Wa Tanga pembeni, walale, si ndiyo kazi yao?
Mimi wa Nzega, hapo jirani tu, nikaitwa Asali
kwa sababu ya chupa aliyonifungia mama.
Nikacheka. Jina lilikuwa tamu,
sikujua bado kwamba majina yana meno.

Kisha akaingia Ntakije, wa Kasulu,
na dumu la mawese lililozibwa kwa gunzi.
Akasema *mwakeye*, akajisahihisha: habari za asubuhi.
Mtu mmoja, sikumbuki nani
(na hili ndilo linaloninyima usingizi, sikumbuki nani),
akanong'ona: mwisho wa reli hao. Fungeni vitu vyenu.

Hakuna kilichopotea usiku ule.
Hakuna kilichopotea wiki ile.
Jumamosi nikaenda sokoni, nikanunua kufuli la pili.

Mwinuka, wa kitanda cha juu, aliyaona mawili,
akajiuliza: Asali kaibiwa nini?
Akanunua na yeye.
Wa tatu akaona ya wawili. Wa nne hakuhitaji kuona.
Mvua za kwanza zilipogonga bati, Novemba,
bweni zima lilikuwa linalia ka-ka, ka-ka
kila asubuhi kabla ya mstarini,
na mwalimu wa zamu akaandika daftarini:
*wizi umezidi.*
Wizi wa nini? Hakuuliza.
Makufuli yalikuwa yameshatoa ushahidi.

Sanduku la Ntakije lilifungwa kwa kamba ya katani.
Tukasema: mwaona? Mwizi haogopi wezi.

Siku ya mtihani wa jiografia nikapoteza funguo.
Kalamu, rula, kitambulisho, vyote ndani.
Nikamwendea yeye.
Kwa nini yeye, kati ya watu arobaini?
Kwa sababu moyoni nilishamwajiri kazi hiyo.
Akatoa spoki ya baiskeli, akainama,
akalisikiliza kufuli
kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye homa.
Kwa baba yake, alisema, pale soko la Kasulu,
wanatengeneza baiskeli, karabai, makufuli yaliyoliwa na kutu.
La kwanza likaachia. La pili likaachia.
"Mbona mawili?"
Nikasema nimechelewa.

Mlangoni walisimama wanne.
Kufika jioni habari ilikuwa imeota ndevu:
anafungua lolote, gizani, kwa waya, macho yamefumbwa.
Nilikuwepo mezani, kijiko mkononi.
Ulimi wangu huu, uliopigiwa makofi kwenye midahalo,
ulimi wa HGL, sisi tuliosemwa tunajua kuongea tu,
ukajikunja kama jongoo aliyeguswa.

Ningependa kusema alihama. Ingekuwa hadithi.
Hakuhama. Alikaa miaka miwili,
alikula nasi, alitufundisha hesabu za takwimu,
na usiku wa mwisho akanimiminia mawese yaliyobaki,
kijiko baada ya kijiko, kwenye chupa yangu ya asali.
Nikashukuru.
Naye alipogeuka, Mungu anisamehe, nikayanusa kwanza.

Juzi binti yangu kapangiwa shule Kigoma.
Tumeingia dukani: ndoo, godoro, sanduku la bati.
"Na kufuli?"
Moja, nikasema.
"Anakwenda wapi?" Nikamwambia.
Muuzaji akacheka, cheko la mtu mwema kabisa:
"Kigoma? Chukua mawili, mzee."

Binti yangu akanitazama,
mkono juu ya mfuniko,
anasubiri kuambiwa watu wakoje.